Kaka ataka nyumba ya mama iwe ya wageni, na mpangaji ana miaka 17 ndani

BARUA

Assalaam aleykum Bi Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Langoni hapa Lamu na mume wangu. Miaka miwili iliyopita tulimzika mama. Alituachia nyumba Mkomani, nyumba ya kale ya mawe na boriti, aliyoirithi kwa babake. Tuko watatu: kaka mkubwa yuko Doha, kaka wa pili yuko Mombasa, na mimi kitinda mimba ndiye niliye hapa, ndiye mshika funguo.

Chini anakaa mpangaji. Nimwite Bi Mwana, ingawa si jina lake. Aliingia 2008 akiwa na watoto wawili, mumewe kafa maji. Wakati huo alikuwa akilipa 2,500, mama akapandisha ikawa 4,000, na tangu 2016 analipa 6,000. Haijaguswa tena. Anachoma mkate wa mofa, na alfajiri anauza mahamri pale kwenye daka letu, baraza ya mlangoni. Kijana wake mkubwa sasa ni nahodha, anavusha watu Mokowe. Tarehe tatu haipiti kodi haijafika.

Mama alipopatwa na kiharusi alilala miezi minane. Mimi nilikuwa nikienda asubuhi na jioni, lakini usiku nina watoto. Aliyekuwa akipanda usiku kumgeuza na kumbadilisha ni Bi Mwana. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo na hakuna aliyemlipa.

Sasa nyumba ya jirani, ukuta kwa ukuta na yetu, ilinunuliwa na Mzungu, ikatengenezwa, iko Airbnb, ule mtandao wa kupangisha wageni. Disemba usiku mmoja ni shilingi 7,000. Kaka mkubwa aliziona zile picha huko Doha, akanipigia: "Usiku mmoja tu wa mgeni umeshampita Bi Mwana mwezi mzima." Maneno haya sina jawabu lake. Yeye yuko tayari kutoa 800,000 tuitengeneze nyumba yote, chini na juu, na anataka Bi Mwana apewe notisi mwisho wa mwezi. Kuna kijana anajua mambo ya wageni, atasimamia kwa asilimia 20.

Kama hiyo haitoshi, dalali ameshanijia mara tatu. Ana mtu anafanya kazi upande wa bandari, anataka pale chini kwa 18,000, na atalipa miezi sita mkononi. Tangu bandari na barabara ya lami, watu wanatafuta nyumba kila pembe, na bei zinatajwa hata sisi wenyeji tunashtuka. Kaka wa pili yeye anasema fanyeni mtakavyo, nipeni changu.

Na nyumba inavuja, Bi Mshauri. Masika yaliyopita bonge la chokaa lilianguka msanani, ukumbi wa ndani, na boriti mbili zimeliwa na mchwa. Kwa 6,000 siwezi kumleta fundi. Juu alikokuwa akikaa mama pamefungwa tangu arubaini. Vitu vyake vimo bado. Mimi huenda Ijumaa, nafungua madirisha, napitisha hewa, nafunga.

Mama akiniambia mara nyingi, "Nyumba hii ni yako wewe, mwanamke hakosi nyumba." Lakini hakuandika. Kaka nikimtajia hakatai, wala hakubali.

La mwisho ndilo linalonikosesha usingizi. Nimemwambia kaka kwamba nimeshazungumza na Bi Mwana. Sijazungumza. Kila asubuhi napita pale dakani, mwanangu mdogo anapewa hamri ya bure, nami maneno nayameza. Nikimtoa, mji mzima utanisema na nafsi yangu itanisuta. Nikimwacha, kaka atasema nimekula urithi wao kwa huruma zangu. Nifanye nini?

Mtoto wa mwisho, Langoni

JAWABU

Waaleykum salaam mwanangu, na pole ya mama. Miaka miwili si mingi.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikaona ni habari ya kodi. Nikairudia, nikaona kodi ni kamba tu iliyofunga mzigo mkubwa zaidi: nyumba inayovuja, urithi ambao haujagawanywa, kaka aliye mbali, na mwanamke ambaye unamwonea haya kumtazama machoni. Umeniuliza umtoe au umwache. Mimi sitakuchagulia, maana nyumba si yangu na usiku ule wa kumgeuza mama sikuwapo. Lakini kuna mambo kadhaa umeyaandika kama yaliyokwisha thibiti, nami naona bado.

Nianze na ile kauli ya kaka, kwa sababu ndiyo inayokufunga mdomo. Usiku mmoja wa mgeni umempita Bi Mwana mwezi mzima. Ni kweli, Disemba. Sasa mwaka wa Lamu hauna Disemba kumi na mbili. Wageni wako Disemba na Januari, wako kidogo Agosti, wanakuja Novemba kwa tamasha la utamaduni, na Maulidi watu hujaa, ingawa wengi wao hufikia kwa jamaa. Ikifika Aprili, kusi inavuma na masika yanapiga, hata hoteli nyingine hufunga milango hadi bahari itulie. Wewe mwenyewe unapita pale kwa jirani kila siku. Mwezi wa tano ulimwona nani akitoka?

Tufanye hesabu, kwa makisio yangu tu. Tuseme nyumba imepata wageni siku 70 kwa mwaka, zote kwa 7,000. Ni 490,000. Kijana wa asilimia 20 achukue 98,000, zimebaki 392,000. Lazima awepo mtu wa kufagia, kufua mashuka, kufungua mlango usiku mgeni akichelewa boti. Ukimpa 15,000 kwa mwezi ni 180,000 kwa mwaka, maana huwezi kumwajiri Disemba na kumwambia aishi kwa upepo mwezi wa sita. Maji, stima na intaneti, tuseme 6,000 kwa mwezi, 72,000. Zimebaki 140,000, kabla Airbnb haijakata chake, kabla ya kibali cha biashara cha kaunti na leseni ya utalii, na kabla kaka hajaanza kujilipa zile 800,000. Yule wa bandari, kwa 18,000, ni 216,000 kwa mwaka. Bi Mwana kwa 6,000 ni 72,000.

Mimi sisemi nyumba za wageni hazina faida. Wapo wanaofaulu, hasa mwenye nyumba akiwa anaishi humo humo na kupika mwenyewe. Nasema kaka amekuletea namba moja, na hiyo namba moja imekunyamazisha. Mwombe jirani, au yule kijana wa asilimia 20, akuonyeshe daftari la mwaka mzima. Akisita kulionyesha, hilo nalo umelijua.

Na kuna jingine wenye nyumba wa Lamu wanalijua mifupani. Mwaka 2011 wageni walipotekwa Kiwayu na Manda, vyumba vilibaki na popo. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, tuliwekewa marufuku ya kutoka usiku. Mwaka 2020 corona ilifunga hata uwanja wa ndege. Katika miaka yote hiyo Bi Mwana alileta kodi kabla ya tarehe nne, ikiwa barua yako ni sahihi. Hilo kaka aliye Doha hawezi kuliona kwenye picha.

Hata hivyo, usimfanye kaka kuwa mchoyo. Yeye ameona jambo ambalo wewe kwa mapenzi yako umelipita haraka: nyumba inaanguka. Boriti mbili zilizoliwa leo ni nne mwaka ujao, na nyumba ya mawe ya matumbawe ikianza kunywa maji haingoji mtu awe na nafasi. Chokaa, mchanga na boriti vyote hupanda mgongoni mwa punda kutoka gatini, na bei ya punda nayo hupanda. Tena nyumba iko ndani ya mji uliotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Kabla ya kubomoa hata kizidaka, kishubaka cha ukutani, mtakwenda kwanza kwa watu wa Makumbusho. Kwa 6,000 nyumba hiyo haitadumu, na ikiporomoka Bi Mwana atakuwa wa kwanza kukosa pa kulala. Kwa hiyo kumwacha kama alivyo, kwa kodi ile ile, nako ni uamuzi, na una gharama yake.

Sasa nije kwa Bi Mwana. Umeandika kana kwamba kodi ikipanda hata kidogo atakuwa ametupwa. Nani amekwambia? Mama yako alimpandishia mara mbili, toka 2,500 hadi 4,000 hadi 6,000, na baada ya hapo Bi Mwana akapanda ngazi usiku kumgeuza. Haikuvunja kitu. Pengine mama angeipandisha tena kama asingelala. Na huyo nahodha wa Mokowe si mtoto wa mgongoni tena, ni mtu mzima anayepokea nauli. Unamhurumia Bi Mwana wa 2008, na mwanamke huyo amekwisha kusonga mbele.

Ukimwambia 11,000, kwa mfano, ni 132,000 kwa mwaka, si mbali na zile 140,000 nilizozipata kwa wageni, bila mashuka. Lakini hatari ipo, sitakuficha. Huenda akakwambia hawezi. Leo unaweza kujidanganya kwamba hujui. Ukishauliza, utajua, na utakuwa umebeba jibu lake pamoja na lile la kaka. Huenda pia akaweza kwa kukaza mkanda hadi asilale, na asikwambie, kwa sababu ya mama. Kwa hiyo muulize mbele ya kijana wake.

Sheria? Nitaipitia upesi. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inalinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho kimeachwa nyuma na dunia. Kwa 6,000, usitegemee iwe ngao yake. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi, kwa Sheria ya Ardhi ya 2012, anastahili notisi isiyopungua mwezi mmoja. Mwezi mmoja kwa mtu wa miaka 17! Mkiamua aondoke, hakuna anayewakataza kumpa miezi sita, na kumtafutia pengine pa kuhamia kabla tanuri lake la mofa halijavunjwa. Na kuhusu kodi ya serikali (lugha yetu imezitia zote mbili kwenye neno moja, mwenye nyumba anapokea kodi halafu analipa kodi), ile ya asilimia 7.5 ya mapato ya pango huanzia mapato ya 288,000 kwa mwaka, kwa hiyo hata yule wa 18,000 peke yake hakufikishi. Biashara ya wageni ina hesabu zake nyingine.

Huyo wa bandari ni kishawishi kizuri, nami nakielewa. Miezi sita mkononi ni paa limezibwa. Gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa 2021, na tangu hapo wapangaji wa mishahara wamekuwa wengi kuliko nyumba. Lakini mtu wa kazi hukaa kazi inapokaa. Mkataba wake ukiisha anahamia Hindi kule bara au Nairobi, na wewe huna Bi Mwana tena wa kumrudia. Jiulize pia daka litakuwaje. Leo daka lenu lina taa na mahamri alfajiri, na kila apitaye anajua nyumba ina mtu.

Lile la "wewe utakula urithi wao kwa huruma zako" limenikaa. Kuna ukweli ndani yake, na utanisamehe nikiusema. Kama unamshukuru Bi Mwana kwa kodi ndogo, unamshukuru kwa mali ya watu watatu. Upande wa pili, yule aliyegeuzwa usiku alikuwa mama wa watatu pia. Je, kaka anajua? Simaanishi anajua kwamba mpangaji "alisaidia". Anajua miezi minane, ngazi zile za kuvunja magoti, saa nane za usiku? Watu wakiwa mbali huambiwa "mama anaendelea vizuri" ili wasihangaike. Huenda kaka anataka kumtoa mtu ambaye hajawahi kusimuliwa.

Ukimpigia kumsimulia, mwambie pia kwamba hukuzungumza na Bi Mwana. Mwambie wewe kabla hajaambiwa na mwingine. Lamu ni ndogo, na Doha, kwa habari za Lamu, ni mtaa wa pili tu. Atakasirika. Aache akasirike.

Kisha lipo lile ambalo bila hilo yote haya ni maneno hewani: nyumba ni ya nani? Kama mama aliacha wana wawili na binti mmoja tu, mirathi yetu inagawa mafungu matano, wao mawili mawili, wewe moja. Lakini unasema mama alikwambia ni yako, na desturi ya mji huu ya kumjengea binti nyumba inajulikana hadi kwenye mawikio, vyumba vya juu vilivyovuka vichochoro. Kauli ya mama ina uzito moyoni. Kama ina uzito wa hiba, zawadi ya mtu angali hai, mama akiwa bado anaishi humo na funguo anazo yeye, hilo ni la Kadhi, si langu wala la kaka. Nenda ukaulize hata kama hutaki kudai. Usipouliza, utaishi ukijiona umedhulumiwa, na kaka ataishi akijiona amewasamehe. Na msimpokelee 800,000 zake kabla hamjaandika ni za nini: deni, zawadi, au ananunua fungu. Ndugu wengi nimewaona wakivunjikia hapo, kwenye pesa iliyotolewa kwa mapenzi na kukumbukwa kwa hesabu. Kwa fungu la tano, mwanangu, tofauti ya Bi Mwana kwa 6,000 na wageni wote wale wa makisio yangu ni 14,400 kwako kwa mwaka dhidi ya 28,000. Itazame namba hiyo, halafu ujiulize kama ndiyo unayogombania.

Nimebakisha jambo moja kwa makusudi. Katika barua yote mnagombea chini. Kaka anataka chini pawe wazi, dalali anataka chini, Bi Mwana yuko chini. Juu, ambako hakuna mtu, hakuna kodi, hakuna ugomvi, pamefungwa miaka miwili. Umeandika mstari mmoja ukapita.

Nyumba za Mkomani waliozijenga walimfikiria mgeni. Nyingi zina sabule, chumba cha mgeni juu, na ngazi yake inaanzia huko huko mlangoni ili mgeni apande asipite kwa wanawake. Kama yenu inayo, au juu panaweza kutengwa, kaka anaweza kujaribu wageni wake huko kwa robo ya zile pesa, huku Bi Mwana akibaki chini na kodi iliyozungumzwa upya. Pengine hata mashuka akafua yeye kwa malipo, na mgeni akala mofa ya moto. Lina shida zake: mgeni akipanda juu ya dari kuota jua anachungulia nyua za nyumba tatu, na majirani hawatavumilia, nguo, pombe, vishindo usiku, msikiti uko hatua ishirini. Maji nayo, mgeni mmoja hutumia ya watu wanne. Bi Mwana mwenyewe huenda hataki watu asiowajua wakipita juu ya kichwa chake. Kaka anaweza kusema nusu si biashara. Au mnaweza kupangisha juu kwa mwaka kwa mwalimu au muuguzi, na kodi mbili zikaleta fundi. Sijui. Najua tu kwamba hamwezi kuanza lolote la hayo kama makabati ya mama bado yamejaa.

Sikuharakishi. Lakini labda notisi unayoshindwa kuitoa haiko kwa Bi Mwana peke yake. Akiondoka yeye, huyo ndiye wa mwisho aliyekuwa akimjua mama wa usiku.

Ijumaa utakapokwenda kufungua madirisha, usiende peke yako. Bisha pale chini umwombe apande nawe. Yeye ndiye aliyemvisha zile nguo miezi minane, huenda anajua kanga ipi mama aliitaka upewe wewe na ipi apewe nani. Habari ya kodi ingoje mpaka mshuke.